Mchoro Wenye Jina la Hafidha

Nilimfundisha Hafidha Mrisho hesabu kwa miaka mitatu katika shule ya msingi pale Mlingotini, na sitasema kwamba alikuwa wa kwanza darasani, maana hakuwa. Walikuwapo wawili watatu waliomzidi haraka. Yeye alikuwa na lake: hakuweza kulianza swali mpaka kwanza alichore. Ukimpa swali la mapipa na mabomba, atachora mapipa, atachora mabomba, ataweka mishale ya maji yanakotoka na yanakokwenda, na wakati huo wenzake wameshakusanya madaftari. Nilimgombeza sana kwa hilo. Nilimgombeza bure, na nimeshamwambia hivyo.

Mama yake, Bi Mgeni, ni mkulima wa mwani. Alimlea Hafidha peke yake tangu mume alipohamia Tanga na kuoa huko. Siku za bamvua, maji yakishatoka, aliingia baharini na wanawake wenzake kufunga vipande vya mwani kwenye kamba. Baada ya wiki sita hivi wanauvuna, wanaubeba kwa magunia mpaka ufukweni na kuuanika juu ya vichanja vya fito na nyavu. Mwani huo ndio uliomsomesha Hafidha mpaka chuo kikuu, Dar es Salaam. Akasomea uhandisi wa viwandani, na huko ndiko alikokutana na Adrian.

Adrian alikuwa kijana wa Vigwaza, mtoto wa katekista, mwalimu wa dini kanisani. Mpole, mcheshi, mwenye kujua aseme nini kwa nani. Walikaa benchi moja miaka minne. Likizo zikifika alipita Mlingotini kabla ya kwenda kwao, na Bi Mgeni alimpenda kama wa kumzaa mwenyewe. Alimfundisha kufunga mwani, akamcheka vidole vyake vizito, akampikia pweza wa nazi, chakula alichokipenda. Majirani walipoanza kunong'ona habari za posa, Hafidha alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ni ndugu yangu," alisema, na ndivyo ilivyokuwa. Adrian alipooa miaka michache baadaye, Bi Mgeni alikwenda harusini Vigwaza na mkeka wa ukili aliousuka kwa miezi miwili.

Wote wawili waliajiriwa wiki moja katika kiwanda cha mwani kilichojengwa kandokando ya barabara ya kuja Mlingotini. Kina jina lake rasmi, lakini watu walikiita Kwa Abdullatif, kwa jina la mwenyewe, mfanyabiashara wa Bagamoyo mjini. Kiwanda kilinunua mwani mkavu kwa wanawake wetu, kikauosha, kikaupika kwenye maji yaliyotiwa dawa kali iitwayo potasi, kikaukausha tena na kuusaga uwe unga. Unga huo hugandisha jeli, maziwa na hata dawa ya meno. Kazi ilikuwapo, lakini gesi ilikuwa inaliwa ovyo, maji ya kisima hayatoshi, na maji machafu ya potasi yalikuwa yanamwagwa shimoni na kuchukiza watu. Abdullatif alitaka kiwanda kipangwe upya.

Hafidha ndiye aliyesema kwamba ipo njia ya kulipanga jambo hilo bila kubahatisha. Siku moja alikuja kunitembelea, nami nikamuuliza ni njia gani hiyo. Akaomba kikombe cha kunde na kiberiti, akavimwaga juu ya meza yangu ya jikoni.

"Kunde ni kitu, Mwalimu," alisema. "Mwani mbichi, maji, gesi, potasi, unga. Kijiti ni kazi: kuosha, kuanika, kupika, kusaga. Kitu hakigeuki kuwa kitu kingine bila kupita kwenye kazi. Kwa hiyo kati ya kunde na kunde lazima kuwe na kijiti."

Akapanga. Kunde mbili zikaingia kwenye kijiti kimoja, ikatoka kunde moja, hiyo nayo ikaingia kwenye vijiti viwili tofauti. Muda si muda meza yangu ilikuwa imejaa kitu kama nyavu.

"Sasa tunasafisha," akasema. "Kazi inayohitaji kitu ambacho hatuwezi kukinunua wala kukitengeneza, inaondoka. Kazi ambayo inachotoa hakifiki kwenye bidhaa, nayo inaondoka. Kinachobaki ni ramani kubwa yenye njia zote zinazowezekana. Kompyuta inazichambua moja moja bila kuruka hata moja, inazipigia hesabu, halafu inazipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wengi huchukua kiwanda walichokizoea, wakabadilisha hapa na pale. Hii inakulazimisha uziangalie njia zote kabla hujachagua."

"Na kama kuna kazi umesahau kuiweka?" nilimuuliza.

"Basi njia zake zote hazipo. Kompyuta haichagui ambacho hakikuwekwa mezani."

Miezi saba alikuwa kwenye kazi hiyo. Hakukaa ofisini tu. Alikuja na mzani kwenye vichanja vya Mlingotini, akapima mwani ukianikwa na ukianuliwa, kiangazi na masika, akaandika siku za mvua, akaandika mchanga kiasi gani unabaki kwenye kila gunia. Adrian alimsaidia kiwandani kupima boila na mapipa, na Hafidha alimfundisha kila alichokijua kuhusu ramani ile mpaka akaweza kuiendesha mwenyewe. Mwishowe ilikuwa na kazi kumi na saba. Ya kumi na saba iliandikwa: kuanika vichanjani, Mlingotini.

Kompyuta ikatoa njia arobaini na sita. Iliyokuwa ya kwanza ilipita vichanjani: mwani uanikwe na wanawake miezi ya jua, na miezi ya mvua ukamaliziwe kwenye kikaushio kidogo kinachotumia joto lililokuwa linapotea kwenye boila. Maji ya potasi yasimwagwe, yachujwe na kurudishwa kupikia tena. Njia ya kununua mtambo mkubwa wa kukaushia kwa gesi ilikuwa ya kumi na moja.

Alifurahi, mtoto yule. Alishindwa kusubiri taratibu za ofisi. Ijumaa jioni alikwenda kwenye kikundi cha wanawake na kumwambia mwenyekiti wao, Bi Hija, mbele ya wote: "Vichanja vyenu vimo. Tena vimo kwenye njia ya kwanza." Bi Hija alipiga vigelegele. Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika. Wanawake thelathini na wanane waliishi kwa vichanja vile, na zaidi ya nusu yao ni watu wazima ambao hawawezi tena kusimama majini saa nne na mgongo umeinama. Bi Hija mwenyewe hawezi. Bi Mgeni naye magoti yalikuwa yameshamwisha.

Magoti hayo ndiyo yaliyomtoa Hafidha kiwandani wiki ile ambayo hakupaswa kutoka. Mama yake alipewa nafasi ya kupasuliwa goti, hospitali, Dar es Salaam. Ripoti ilikuwa ipelekwe kwa Abdullatif siku ya Jumatano. Hafidha alitaka kuahirisha.

"Uahirishe nini?" Adrian alimwambia. "Nenda kamuuguze mama yetu. Faili niachie mimi, nitamweleza mzee kila kitu."

Akamwachia faili, akamwachia na neno la siri la kompyuta. Alikaa Dar siku kumi, akilala kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama yake. Adrian alipiga simu kila siku kuuliza goti linaendeleaje. Kuhusu ripoti alisema imepokelewa vizuri.

Walirudi Mlingotini Jumamosi, saa nne asubuhi, Bi Mgeni akitembea kwa gongo. Mbele ya nyumba yao alikuwa amesimama Bi Hija na wanawake watano.

"Shikamoo, Bi Hija," alisema Hafidha.

Bi Hija hakuitika. Katika miaka yangu yote pwani hii sijawahi kumwona mtu mzima akiiacha shikamoo ya mtoto ianguke chini namna ile. Nilikuwapo, nilikuja kumpa pole mgonjwa. Bi Hija alimwangalia kwanza Bi Mgeni, akamwambia, "Pole na safari, mwenzangu," kisha akamnyooshea Hafidha bahasha.

Ilikuwa barua ya kiwanda. Ilisema kwamba kuanzia mwezi unaofuata kiwanda hakitanunua tena mwani mkavu. Gari litafika ufukweni kuchukua mwani mbichi kwa waliouvuna, na ukaushaji wote utafanyika kwa mtambo mpya. Ilisema uamuzi huo umefanywa kitaalamu, na ili watu waridhike, mchoro umeambatishwa. Karatasi ya pili ilikuwa mchoro wa maduara na vijiti, njia moja imekolezwa wino. Chini yake: Umeandaliwa na Mhandisi Hafidha Mrisho.

"Hilo jina ni lako au si lako?" aliuliza Bi Hija.

"Ni langu, lakini…"

"Basi."

Wakaondoka. Hafidha alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaiweka karatasi mapajani, na nikaona kidole chake kinatembea. Alikuwa anahesabu vijiti. Alihesabu mara mbili. Akaniangalia.

"Viko kumi na sita, Mwalimu."

Jumatatu alikwenda kiwandani. Haya niliyasikia kwake mwenyewe, si siku hiyo, na si yote kwa pamoja. Alipofika mlango wa chumba walichokuwa wakikitumia pamoja, akakuta pamebandikwa kibao kipya: Meneja Uzalishaji. Ndani alikuwa Adrian peke yake.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Vijiti viko kumi na sita, Adrian."

Hakujifanya haelewi. Hafidha anasema hilo ndilo lililomkata maini zaidi. Alikuwa njia nzima amejiombea liwe kosa, labda faili la zamani limechapwa kwa bahati mbaya.

"Kaa kwanza," Adrian alisema.

"Sikai. Kiko wapi kijiti cha vichanja?"

"Mzee alikuwa ameshaagiza mtambo. Kabla hata hujamaliza kupima. Mtambo uko melini, Hafidha. Alichotaka ni karatasi ya kumwonyesha mshirika wake kwamba mtambo ndio chaguo bora. Ningempelekea njia yako ya kwanza, tungefukuzwa wote wawili."

"Kwa hiyo ukakifuta."

"Sikugusa namba hata moja. Fungua faili uangalie. Namba zote ni zako. Nilitoa kazi moja tu, nikaacha kompyuta ichague yenyewe."

Na ilichagua. Njia kumi zilizokuwa mbele ya ule mtambo zote zilipita vichanjani. Kijiti kile kilipoondoka ziliondoka zote kumi, na ya kumi na moja ikawa ya kwanza. Hapakuwa na uongo ndani ya hesabu ile. Mtu yeyote angeikagua kutoka mwanzo mpaka mwisho angekuta kila kitu sawa.

"Na jina langu?" Hafidha aliuliza. "Umekifuta kijiti, umepewa cheo, basi ungeweka na jina lako."

Adrian aliinuka, akafungua dirisha, akalifunga tena.

"Wasingeipokea," alisema mwishowe. "Ingekuwa na jina langu, Bi Hija angekuja hapa getini na wanawake wote. Ya kwako… ya kwako wangejua aliyeiandaa ni mtoto wao. Niliona ndiyo njia isiyokuwa na fujo."

"Uliniona mimi ndiyo njia isiyokuwa na fujo."

"Hafidha, nina watoto wawili."

Hafidha alitoka akaenda moja kwa moja kwa Abdullatif. Mzee huyo alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za mgonjwa, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Binti yangu," alisema, "mimi niliomba karatasi, nikaletewa karatasi. Ina jina lako."

"Si niliyoiandika, mzee."

"Faili ni lako, namba ni zako. Ukitaka kuikana kwa maandishi, kana. Lakini utaulizwa faili la kiwanda lilifikaje mikononi mwa mtu mwingine na neno lako la siri. Rudi kazini. Mtambo ukifika nitahitaji mtu anayeujua mwani."

Hafidha aliandika barua mbili siku hiyo. Ya kwanza ilikuwa ya kuacha kazi. Ya pili ilisema kwamba mchoro uliotolewa kwa jina lake si wake. Ya kwanza ilijibiwa baada ya siku mbili. Ya pili haijajibiwa mpaka leo.

Kijijini mambo yalikuwa magumu kuliko kiwandani. Aliomba kuonana na kikundi. Wanawake walikaa chini ya bati la banda la kuhifadhia magunia, naye akachora ramani nzima sakafuni kwa chaki, kazi zote kumi na saba, akawaonyesha kijiti kilichotolewa na nini hutokea kikitoka. Alieleza vizuri. Mimi mwalimu nakuambia, alieleza vizuri sana.

"Sisi hatujui vijiti," alisema Bi Hija. "Tunajua ulitwambia vichanja vimo, na karatasi yenye jina lako inasema havimo. Siku ile nilipiga vigelegele mbele za watu, Hafidha. Wajukuu zangu wananiuliza nilikuwa nashangilia nini."

"Adrian ndiye aliyefuta, mama yangu."

"Na Adrian alipewa faili na nani?"

Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakazipita zile chaki, na nyayo zao zikaenda na nusu ya mchoro.

Mama yake naye hakumwamini. Sijui kama alikataa kuamini au alishindwa. "Umemfanyia nini mwenzio mpaka akufanyie hivi?" alimuuliza Hafidha, si mara moja. Kwake yeye haikuwezekana Adrian, aliyepiga simu kila siku kuuliza goti, awe wakati huohuo anafanya jambo lile. Wiki mbili mama na binti walikula sahani moja bila maneno. Kisha mchana mmoja Bi Mgeni alichukua simu akampigia mwenyewe, sauti imefunguliwa, mimi na Hafidha tukiwa pale pale.

"Mwanangu Adriani, usikate simu, uniambie. Wanasema umemfanyia mwenzio ubaya. Niambie si kweli, nami nitawaambia watu si kweli."

Kule upande wa pili palikuwa na kelele za mashine. Zikapungua, kama mtu aliyetoka nje.

"Mama," Adrian alisema, "kazini kuna mambo yake."

Bi Mgeni alisubiri. Hakikuja kingine. Akazima simu, akaiweka juu ya mkeka taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaomba maji ya kutawadha, ingawa adhuhuri ilikuwa bado.

Ningependa kusema kwamba mtambo ulipofika uliharibika. Haukuharibika. Ulifungwa, ukawashwa, ukakausha mwani, na unakausha mpaka sasa. Unakula gesi nyingi, kama Hafidha alivyoandika, na maji ya potasi bado yanamwagwa shimoni, lakini kiwanda kinakwenda. Gari hufika ufukweni siku za bamvua na kuchukua mwani ukiwa unadondoka maji. Wanawake wenye nguvu ya kuingia majini wanauza hivyo, kwa bei ya mwani mbichi. Wale wa vichanjani walirudi majumbani. Vichanja viling'olewa fito moja moja kuwa kuni na nyua za kuku.

Hafidha alikaa barazani kwangu miezi minane akifundisha hesabu watoto wa sekondari. Alikonda. Kulikuwa na siku alikuja akakaa tu. Siku moja aliniambia kwamba hasira si kwa sababu ya kufutwa kijiti. "Angeniibia kazi yote akaandika jina lake, ningemwelewa," alisema. "Watu huiba. Huyu alitumia mapenzi ya watu wangu, Mwalimu. Alijua wananipenda kiasi gani, akakipigia hesabu."

Mwezi wa tisa tangu Hafidha aache kazi, Bi Hija alisimama mlangoni kwangu. Hafidha alimpa shikamoo. Safari hii akaitika, kwa sauti ya chini. Hakukaa.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Nimekuja na shughuli. Yuko mtu mwenye duka Bagamoyo mjini anataka sabuni ya mwani, kila mwezi, kwa wageni wa hotelini. Tunajua kupika sabuni. Hatujui kupanga tuipike wapi, tukaushe wapi, tusage kwa kitu gani, maji yatoke wapi. Kila mmoja anasema lake. Wewe una ile michoro yako."

Hafidha alikubali kwa sharti moja: ramani isichorwe na yeye. Siku ya kwanza walikuja wanawake kumi na wanne kati ya wale thelathini na wanane. Akaweka kunde na vijiti juu ya mkeka, na kila mwanamke akaweka kijiti cha kazi yake kwa mkono wake, akasema inahitaji nini na inatoa nini. Bi Mgeni aliweka cha kuanika. Mmoja alitaka kuweka kusaga kwa kinu. Wenzake wakamwambia kinu kitawaua mabega. Akasema acheni kiwepo kwanza, tutaona kwenye hesabu. Hafidha alisema hakuna kijiti kitakachoondolewa pasipo aliyekiweka kuwa ameketi pale. Zilipatikana njia saba. Tulizipiga hesabu kwa mkono, mimi na yeye, kwa siku mbili.

Iliyokuwa ya kwanza ilitaka maji ya kisima cha mbali. Bi Hija aliiangalia akasema, "Hii ni nzuri kwa asiyebeba ndoo." Wakachagua ya tatu. Hafidha hakubishana nao. Baadaye aliniambia kwamba kosa lilikuwa lake, hakuiweka ile safari ya ndoo kama kazi, na alipoiweka, ya tatu ilikuwa ya kwanza kweli.

Adrian alikuja mara moja. Ilikuwa Ramadhani, alasiri, amebeba tende na mfuko wa sukari. Bi Mgeni alimpokea kwa maneno yote ya heshima, akamuuliza mke, akamuuliza watoto, akamuuliza wazee wa Vigwaza, mmoja baada ya mwingine, kama anavyomuuliza mtu wa mbali. Hakumwita mwanangu. Hafidha alikuwa uani akikata miche ya sabuni. Adrian akamfuata huko.

"Sikudhani wangekuchukia," alisema. "Wallahi nilidhani watanung'unika siku mbili watanyamaza."

Mtoto wa katekista, ameshaishi nasi mpaka anaapa kama sisi. Hafidha aliendelea kukata.

"Ulijua watanyamaza," alisema. "Ndiyo maana uliliacha jina langu."

"Nisamehe basi."

"Iandike hiyo. Andika kwamba ulitoa kazi ya kumi na saba bila mimi kujua, tia sahihi, umpelekee Bi Hija. Ukishampelekea, uje tena uniombe."

Adrian alisema atafikiria. Alisimama kidogo, akaaga, akapita upande wa nyuma ya nyumba badala ya mbele. Miezi mingi imepita. Hakuna kilichoandikwa.

Sasa Hafidha ana miaka thelathini na moja. Wapo wanawake kijijini ambao bado hawamwitikii, na yeye bado anawasalimu. Mwaka huu aliomba kazi kwenye kiwanda kimoja cha matunda bara, akaitwa kwenye usaili. Mmoja wa waliomhoji alifurahi alipoliona jina lake. "Wewe ndiye uliyechora ule mpangilio wa kiwanda cha mwani? Tumeuona. Kazi safi sana."

Kazi aliitaka, Hafidha aliniambia. Mama yake goti la pili linahitaji kupasuliwa, na sabuni ya watu kumi na wanne haitoshi kulipia hospitali. Angeweza kusema asante, na ingekuwa basi.

"Ule si wangu," aliwaambia. "Wangu una kazi kumi na saba. Nikiruhusiwa nitawachorea."

Wakaangaliana. Wakamwambia watamjulisha, na hawakumjulisha. Jumanne iliyofuata nilimkuta bandani, mikono imejaa povu, anabishana na Bi Hija kuhusu kiasi cha mafuta ya nazi. Bi Hija alikuwa anashinda.